Wiki Tatu kwenye Benchi la Polisi

Nianze na ng'ombe, maana bila ng'ombe polisi nisingewajua.

Kwetu Nkoaranga, kwenye mteremko wa Meru, mtu mwenye ng'ombe lakini asiye na nguvu za kumkatia majani humweka kwa jirani. Jirani anamlisha, anamkamua, mbolea anaitia kwenye migomba na kahawa yake, na ndama wakizaliwa ni wa mwenye ng'ombe. Hakuna karatasi wala shahidi. Mwenye mali anakupa kamba mkononi, anasema maneno machache, nawe unajibu machache, na kuanzia saa hiyo utajiri wake wote unalala kwako. Ng'ombe akifa, unabeba ngozi na nyama unampelekea mwenyewe aone kwa macho yake kwamba hukumuuza. Sheria inaishia hapo. Ng'ombe akiibwa haisemi kitu, kwa sababu mwizi hakuachii ngozi.

Mimi niliwekewa ng'ombe nikiwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wa tatu wa ndoa yangu. Aliyeniwekea alikuwa bibi mjane wa juu yetu, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Hakuwa ndugu yangu wa damu. Watoto wake wote walikuwa wamekufa, miguu ilikuwa imemvimba hata mlango wa ua wake aliufikia kwa shida, na ng'ombe alikuwa na huyo mmoja tu. Siku aliponiita na kunipa kamba nilitembea kurudi nyumbani kichwa juu kama niliyevishwa taji. Wanawake walioolewa kabla yangu walikuwa hawajawekewa hata mbuzi. Kwetu, mke wa mtu anakuwa mtu kamili siku watu wanapomwekea mnyama, na mimi nilikuwa na haraka ya kuwa mtu kamili, siwezi kukataa.

Mume wangu wakati huo alikuwa karani wa ghala la kahawa Moshi, akija nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo ng'ombe alikuwa wangu peke yangu kumlisha. Alikuwa mwekundu, ana baka jeupe tumboni, sikio la kushoto limekatwa ncha mara mbili, ndiyo alama ya ukoo wa bibi. Alikuwa na mimba ya miezi minne na bado akitoa maziwa.

Aliibwa Jumapili, mchana kweupe, watu wote wakiwa kanisani. Nilirudi ibadani nimeshika viatu mkononi ili visiingie matope. Nikaona mlango wa zizi uko wazi. Kamba ilikuwa imekatwa kwa kisu, kipande kimebaki kinaning'inia kwenye nguzo, na majani niliyomwekea asubuhi hayajaliwa hata nusu. Nilikaa chini pale pale kwenye mbolea na gauni langu la kanisani.

Majirani walinisaidia kufuata kwato. Tuliteremka njia ya mtoni, tukapita mashamba ya kahawa, mpaka barabara ya Moshi pale Usa River. Kwato zikaishia kando ya barabara, palipokuwa na alama za matairi ya lori. Wakatazamana. Mmoja akasema, “Sasa panda ukamwambie bibi.”

Nikakataa. Nitamwambia nini? Nitasimama mbele ya mama wa watu mikono mitupu, bila ngozi, bila nyama, niseme mali yako imetoweka na uniamini? Nilijua wangapi kule mlimani walishamuuza ng'ombe wa kuwekewa kwa mchinjaji, wakaenda kwa mwenyewe wakilia machozi ya uongo. Bibi naye aliwajua. Basi nikapiga moyo konde. Nitakwenda polisi, nitawapa habari yote, wataandika, watanipa barua yenye mhuri wa serikali. Barua hiyo ndiyo itakuwa ngozi yangu. Nikishaipata nitapanda kwa bibi.

Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne kwa wamisionari, na karatasi niliziheshimu kupita kiasi.

Kituo kilikuwa kidogo, vyumba viwili kando ya barabara, mawe ya njiani yamepakwa chokaa na bendera ya Mwingereza juu ya mlingoti. Chini ya baraza palikuwa na benchi moja refu la kungojea. Mkuu wake alikuwa sajini, mtu wa kusini mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sisi tuliojifunza baada ya Kimeru. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia kazi. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu anayefanya kile alichoagizwa, kwa mpangilio ule ule aliopewa, basi.

“Shikamoo, bwana sajini.”

“Marahaba. Una nini?”

“Ng'ombe ameibwa kwangu.”

Akafungua kitabu kikubwa, akachovya kalamu. “Ng'ombe wako?”

“Nimewekewa.”

“Umewekewa vipi?”

“Ni wa bibi mmoja. Mimi namtunza.”

Akaiweka kalamu chini. “Basi wewe hukuibiwa. Aje mwenye mali mwenyewe.”

“Bibi hawezi kuteremka mpaka huku. Anaumwa miguu.”

“Basi hakuna shauri hapa.”

Nikamweleza ng'ombe wa kuwekwa ni nini. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza karatasi ya makubaliano iko wapi. Nikamwambia hakuna karatasi. Akafunga kitabu, na mimi nikapanda mlima nikisema peke yangu njia nzima kama mwendawazimu.

Nilirudi Jumanne. Kituoni hapakuwa na askari hata mmoja, ila karani wa kulinda mlango. Wengine wote walikuwa wamepanda vijijini kusaka mbege, pombe yetu ya ndizi, inayopikwa bila kibali. Walirejea saa tisa wakiwa wamejitwisha vyungu, nyuma yao wanawake watatu wamefungwa kamba mikononi. Mmoja namjua, alikuwa amepika kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu wake. Vyungu vikapangwa barazani mpaka benchi likajaa. Nikamwuliza sajini kama ana askari mmoja tu wa kuniazima akaulize habari za lori. Akanionyesha vyungu kwa mkono. “Huoni tuna kazi?”

Siku mbili baadaye askari alikuja mwenyewe nyumbani kwangu, na moyo ukaniruka kwa furaha. Alikuwa kijana, jasho linamtoka kwa mlima. Nikamkaribisha maji. Akayanywa, akaenda moja kwa moja zizini, akainama kutazama ndani, akachungulia hata nyuma ya rundo la majani makavu.

“Hujaona mbwa?” akauliza.

“Mbwa gani?”

“Wa bwana setla wa shamba la kule chini. Wa kahawia, masikio marefu. Amepotea tangu juzi. Tumeambiwa nyumba kwa nyumba.”

Alikuwa amesimama mahali pa ng'ombe wangu, kipande cha kamba kikimgusa bega. Nikamwambia, “Hicho kinachokugusa unakijua?” Akakitazama. Nikamwambia ni cha nini. Kijana wa watu aliona haya, ninamkumbuka mpaka leo alivyoona haya, lakini akasema, “Mama, leo nimetumwa mbwa.” Akaenda nyumba ya pili.

Nilisimama uani nikimsikia anauliza kwa jirani, kisha kwa jirani wa jirani, sauti ikipanda mlima. Hasira iliyonishika siku ile haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ya kutulia. Nilisema moyoni: kumbe wanaweza. Kumbe miguu wanayo, njia zetu wanazijua, na kuuliza nyumba kwa nyumba wanakuweza sana. Basi watauliza na ya kwangu.

Asubuhi yake nikajitwika ungo wa maharage kichwani, nikateremka, nikakaa kwenye benchi la kituo nikaanza kuchambua.

Sajini akatoka. “Mama, hapa si sokoni.”

“Siuzi, bwana sajini. Nangojea.”

“Unangojea nini?”

“Uandike.”

“Nimekwambia aje mwenye mali.”

“Ndiyo. Na mimi nangojea.”

Alinitazama, akatazama maharage, akarudi ndani. Benchi lilikuwa la kungojea, na hakupata kosa la kuniandikia. Nilikaa mpaka jua lilipoelekea kuzama, nikapanda. Kesho yake nikarudi. Keshokutwa nikarudi. Mume wangu alikuja mwisho wa mwezi, akaniambia, “Achana nao, watakufunga bure.” Nikamwambia wakinifunga itabidi waandike jina langu kitabuni, na nikishaingia kitabuni ng'ombe ataingia nyuma yangu. Akacheka, akasema ameoa kichwa kigumu. Nikamwambia angeuliza kabla.

Nikikaa pale niliona mambo. Watu walikuja kila siku na shida zao, na karibu wote waliondoka nazo. Mmoja jembe, mwingine mbuzi wawili, mama mmoja shuka mpya mbili zilizoanikwa uani. Wakati huo huo, mtu aliyekosa stakabadhi ya kodi, au aliyepanda baiskeli bila taa, alishughulikiwa upesi ajabu. Kuna bwana mmoja alikamatwa kwa baiskeli bila taa, saa tano asubuhi. Wakamwingiza ndani kumwandika. Alipotoka na karatasi yake ya kosa mkononi, baiskeli aliyokuwa ameiegemeza kwenye ukuta wa polisi ilikuwa imeibwa. Akageuka kuingia ndani kushtaki, na sajini akamwambia aje kesho, kitabu kimefungwa. Yule bwana alikaa kwenye benchi kando yangu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sikuweza kujua ni machozi ya kicheko au ya uchungu.

Ndipo nikamwambia, “Hebu nieleze hiyo baiskeli.” Nilikuwa na daftari la shule ndani ya ungo, nilikuwa nikimwandikia mume wangu barua. Nikafungua ukurasa wa nyuma nikaandika: baiskeli nyeusi, kiti kimeshonwa kwa ngozi ya mbuzi, kengele haina kifuniko, imetoka ukutani kwa polisi. Nikamsomea. Akasema, “Ndiyo, ndiyo hivyo hasa.” Akaondoka ana nafuu kuliko alivyokuja, ingawa sikuwa nimemfanyia lolote.

Habari hizo zikasambaa. Watu wakaanza kukaa kwenye benchi kabla ya kuingia ndani, na baada ya kutoka ndani, na wengine hawakuingia ndani kabisa. Niliwauliza mambo ambayo sajini hakuwa akiyauliza, kwa sababu mimi najua mbuzi anatambulikaje na jembe linatiwaje mpini. Nani alipita njia hiyo asubuhi? Sikio limekatwa wapi? Nilipomaliza kuandika ya mtu, nami nilimpa ya kwangu aibebe: mwekundu, baka jeupe tumboni, sikio la kushoto mara mbili. Wakaenda nayo sokoni Tengeru, wakaenda nayo makanisani na misikitini, wakafika nayo mpaka mjini.

Yule mbwa, niseme tu, alirudi mwenyewe kwa setla siku ya tano. Alikuwa amenenepa.

Wiki ya tatu ilikuwa inakwisha alipokuja mwanamke mmoja Mwarusha, amejifunga shuka, shanga shingoni na vumbi jeupe mpaka magotini. Alikuwa ametoka Kimandolu kwa miguu, mwendo wa saa nne. Alikaa kando yangu, akavuta maharage kidogo upande wake, akaanza kuchambua kana kwamba tumelima pamoja. Nikamwacha. Askari aliyekuwa akifagia baraza akamaliza akaenda zake.

“Ni wewe yule wa ng'ombe?” akauliza, bila kuinua macho.

“Ni mimi.”

“Sikio la kushoto?”

“Mara mbili.”

Akatupa kokoto. “Yuko kwangu.”

Nikaacha kuchambua. Akaendelea kwa sauti ya chini, Kiswahili chake kikijikwaa kwa Kimaasai hapa na pale. Jumapili ile jioni alikuja mwanamume mmoja na ng'ombe, akasema kwao majani yamekauka, anatafuta nyumba nzuri ya kumweka. Akampa kamba. Akasema machache, naye akajibu machache. Ana watoto wanne na hana ng'ombe, na hakuna mtu aliyewahi kumwekea mnyama. Alifurahi.

Nilimwelewa kuliko alivyojua. Yule mwizi hakumficha ng'ombe porini wala bondeni. Alimficha ndani ya desturi yetu wenyewe. Nani atamwuliza mwanamke ng'ombe wa kuwekewa ametoka wapi? Angekaa pale mpaka azae, maneno yapoe, kisha mwizi aje achukue wawili.

“Nimesikia sokoni habari za sikio,” akasema. “Usiku sikulala. Nimekuja.”

“Kwa nini hukuingia kwa sajini?”

“Nikiingia, ataandika jina la nani?” Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. “Mwizi hayupo. Mimi nipo. Mume wangu walimweka ndani wiki mbili kwa stakabadhi ya kodi, na stakabadhi ilikuwa nyumbani kwenye kibuyu. Nimekuja kwako. Sikuja kwao.”

Na hapo hapo, kama vile alikuwa akingojea nyuma ya mlango, sajini akatoka. Kitabu kikubwa kilikuwa kwapani, kalamu mkononi. Nadhani alikuwa amechoka kuniona. Labda pia kijana yule wa mbwa alimwambia jambo. Sikujua, na sikuuliza.

“Haya, mama,” akasema. “Leo nina nafasi. Sema habari ya ng'ombe wako, nitaandika, na barua yako nitakupa. Umefurahi?”

Siku kumi na saba nilikuwa nimekaa kwenye mbao zile. Mgongo uliniuma, viganja vilikuwa vimekuwa vyekundu kwa maharage, kahawa yangu ilikuwa imejaa magugu. Barua niliyoitaka ilikuwa mbele yangu, imebaki kuandikwa. Nilihitaji kunyoosha kidole tu upande wangu wa kulia, ng'ombe angekuwa nyumbani kabla ya giza na mhuri juu yake. Na yule mwanamke angelala ndani ya chumba kile, na watoto wake wanne wangebaki Kimandolu wakimngojea. Hakusogea. Vidole vyake viliendelea kuchambua, lakini aliacha kutenga kokoto. Alizirudisha pamoja na maharage.

“Leo hapana, bwana sajini,” nikasema.

“Nini?”

“Leo hapana.”

“Wiki tatu umenikalia mlangoni kama mdai, leo nimekuja mwenyewe unasema hapana?”

“Maharage yamekwisha,” nikasema. Nikabeba ungo, na maharage yalikuwa bado nusu.

Nilipanda mlima siku ile bila kupumzika. Nilimwacha yule mwenzangu njia panda. Alikwenda kwake kumkatia ng'ombe majani, na mimi nikaenda nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Sikupita hata nyumbani. Nilijua nikipita nyumbani nitapata kazi ya kufanya.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha juani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba.” Hakusema karibu.

Nikasema yote nikiwa nimesimama. Kanisa, kamba, lori, kituo, mbege, mbwa, benchi, Kimandolu. Nikasema sina barua, sina ngozi, sina kitu cha kumwonyesha, ila ng'ombe yu hai na najua aliko.

Bibi alitazama njia niliyopandia. Kisha akasema, “Nilijua siku ile ile ya Jumapili. Watu walipanda wakanieleza kabla jua halijazama.”

“Ulijua, bibi?”

“Nikasema, atakuja. Nikakungojea Jumatatu. Nikakungojea Jumanne. Hukuja. Wakaniambia uko kwa polisi. Ulikuwa unatafuta nini kwa polisi?”

“Barua.”

“Ya nini?”

“Uniamini, bibi.”

Akanigeuzia macho, na yale macho nisingependa kuyaona tena. “Polisi ndio wanaokujua?”

Hakungoja nijibu.

“Mimi nilikuwapo siku unaletwa kwetu. Nimekuona unalima, nimekuona unazika mtoto wako wa kwanza. Ungepanda ukaniambia ameibwa, ningesema ameibwa. Wewe ukaona neno lako halitoshi kwangu mpaka aliandike mtu asiyejua hata nyumba yako iko wapi. Ulinichukua mimi kama wao.”

Nililia. Nilijitetea pia, sitaki kujifanya malaika: nilisema nilikuwa naogopa, nilisema wangapi wamedanganya kabla yangu. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa hukumu yake. Ng'ombe abaki Kimandolu mpaka azae. Ana mimba, ameshasukumwa juu ya lori mara moja, inatosha. Na yule mwanamke alitembea saa nne kuleta mdomo wake bila karatasi, kwa hiyo anastahili maziwa yaliyobaki.

“Na mimi, bibi?”

“Wewe utakuwa unakwenda kumtazama kila Jumamosi. Ukishamtazama utapanda hapa uniambie yu hali gani. Usiniletee barua.”

Basi ndivyo nilivyofanya. Lakini kwanza, kesho yake asubuhi, nilirudi kituoni na daftari langu. Sajini akaniona akashika kichwa.

“Ng'ombe wako?”

“Amepatikana.”

“Alikuwa kwa nani?”

“Amepatikana, bwana sajini.”

“Nauliza alikuwa kwa nani. Kuweka mali ya wizi ni kosa.”

“Siku ya kwanza ulisema hakuna shauri hapa. Halipo mpaka leo. Lakini jana ulikuwa na nafasi, na mimi nina hawa.” Nikamfungulia daftari juu ya meza yake. Jembe, mbuzi, shuka, baiskeli ya ukutani kwake. Alisoma ukurasa mmoja, akasoma wa pili. Alipofika kwenye baiskeli alikohoa. Nilimwambia nitakaa nje mpaka amalize, na alijua sifanyi mzaha. Aliandika mashauri saba siku ile. Iliyopatikana baadaye ni baiskeli peke yake, bila kengele. Wengine hawakupata kitu, lakini walikuwa wameandikwa, na mwenye mbuzi aliniambia amelala vizuri. Mimi sikuridhika. Nilirudi mara nyingi mwaka ule, kila daftari lilipopata majina, na sajini alijifunza kuniwekea nafasi kwenye benchi.

Mwizi alikuja Kimandolu mwezi wa pili baada ya wizi kumtazama “ng'ombe wake”. Akakuta wanaume wa ukoo wa bibi, waliokuwa wakimngojea kwa zamu, wamekaa uani na marungu yao magotini. Alitupa kofia akakimbia, na hatukumwona tena. Nilimpelekea sajini habari zake, sura yake, na kofia yenyewe. Alisema atatuma mtu. Nikaja kuuliza Jumatano, askari walikuwa kwenye mbege.

Nilitembea Jumamosi zote za miezi mitano. Za masika zilikuwa mbaya, mito imejaa, njia za mlimani zinateleza mpaka unashuka kwa makalio. Nilikuwa naamka alfajiri, nafika Kimandolu jua limeshakolea, namtazama ng'ombe, nakunywa chai na mwenzangu aliyekuwa sasa ananiita dada, nageuka. Jioni nasimama mlangoni kwa bibi, nasema amekula, amekohoa, tumbo limeshuka. Alikuwa akijibu “haya” tu. Mara nyingine nilimchukia. Sikuacha kwenda.

Jumamosi ya mwisho nilimkuta ng'ombe ameshazaa asubuhi ile, ndama bado ana unyevunyevu, anatafuta miguu yake. Nilirudi nusu nikikimbia, kwenye mvua. Nilifika kwa bibi nimejaa matope mpaka kiunoni.

“Amezaa, bibi. Jike.”

“Rangi?”

“Mwekundu kama mama yake.”

Nikangojea aseme “haya”. Nikangojea aulize nani mwingine aliyeona, maana ndama jike ni mali, na huyu ndiye aliyekuwa akimngojea tangu mwaka uliopita. Hakuuliza. Alisogeza miguu yake pembeni ili nipate mahali pa kukaa mlangoni, mvua isinipige.

“Akiacha kunyonya,” akasema, “mlete akae kwako.”